Karatasi Iliyobaki ya Mama Tsune

Hawa watu wa ukumbi wa mtaa hawaishi kunisumbua. Kila mwaka picha zetu za karatasi zikitundikwa ukutani, wageni hupita haraka kwenye maboga na maua, kisha wanakwama mbele ya picha aliyoitengeneza Kinue na kuanza kuulizana. Yule mwanamke aliyeinama kwenye theluji ni nani? Mbona hana uso? Mbona weupe ule hauonekani kwenye picha nyingine? Wangemuuliza mwenyewe, amekaa pale pale anakunywa chai, lakini wanamwogopa. Basi wananijia mimi, eti niandike, kwa kuwa tunakaa meza moja darasani. Mimi na kalamu hatupatani, na herufi nyingine nazikwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi. Lakini kuulizwa nako kumenichosha. Nitasema mara moja, na mkimaliza kusoma nina neno langu na nyinyi, kwa hiyo msiondoke.

Kinue alizaliwa Orikura, kule juu, kabla kijiji hakijahamishiwa huku bondeni. Orikura haikuwa na mpunga wa kushibisha hata shomoro. Ilikuwa na theluji na ilikuwa na miti ya mforsadi, na watu wakaishi kwa vitu hivyo viwili. Majani yakishapukutika walikata matawi, wakayapika kwa mvuke, wakayamenya kama mtu anavyomvua mtoto soksi. Ngozi nyeusi ya juu ikaparuzwa. Na Februari, jua lilipoanza kurudi, wanawake waliyabeba yale maganda hadi kwenye uwanda na kuyatandaza juu ya theluji. Theluji chini, jua juu, ganda katikati. Lililala pale likiwa na rangi ya chai, likaamka jeupe. Tena si weupe wa chokaa wala wa maziwa. Ni weupe unaouona kwenye theluji ya upande wa kivuli, asubuhi, kabla mtu hajaikanyaga. Ganda hilo ndilo lililochemshwa, likapondwa, likachotwa kwa kichungio cha mianzi, likawa karatasi.

Mama yake Kinue aliitwa Tsune, na kwa karatasi hakuwa na mpinzani. Maganda yakishapikwa alichutama kwenye maji ya kijito, maji yanayokata mifupa, akatoa uchafu kwa vidole, kipande kwa kipande, hata kijinukta cha gome ambacho wewe na mimi tusingekiona. Wenzake wakishaingia ndani kuota moto, yeye bado yuko majini. Mikono yake ilikuwa myekundu kama ya kaa. Mnunuzi alipopanda kutoka mjini, rundo la Tsune halikukaguliwa. Alilipiga kofi tu, kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri, akalifunga.

Katika nyumba hiyo karatasi haikuchanwa. Kuchana karatasi kwa Tsune ilikuwa sawa na kumwaga wali. Kinue alipokuwa mdogo alinyofoa pembe ya karatasi iliyokuwa inakauka ubaoni, hata sababu haijui, mikono ya watoto si mnaijua. Mama yake akakishika kile kiganja, akakichapa, akamwambia, "Mkono huu umekula majira mazima ya baridi ya watu." Kinue hakusahau. Tangu siku ile, hata karatasi ya kufungia peremende aliifungua polepole, akainyoosha, akaikunja.

Alipokuwa msichana wakampeleka ng'ambo ya milima, kwenye kiwanda cha hariri, kama walivyopelekwa wengi. Majira ya baridi ya pili mama yake akaugua kifua. Habari ilipomfikia, njia ilikuwa imezibwa na theluji. Ilipozibuka akapanda, akakuta mtungi wa majivu ya mama yake na baba aliyekaa anautazama moto. Akaenda kwenye kasha la nguo la mama yake, akafungua droo ya chini kabisa. Ndani, chini ya nguo kuukuu, palikuwa na karatasi moja, nzima, haijakunjwa. Akaishika. Akasema moyoni: mama amenibakishia ile bora kuliko zote.

Karatasi hiyo ilirudi naye kiwandani. Akaolewa nayo. Akashuka nayo bondeni kijiji kilipohamishwa, akazaa nayo, akawa mjane nayo. Kila mwaka siku ya kumkumbuka mama yake aliitoa, akaiweka juu ya mkeka, akainama mbele yake hadi paji la uso likagusa mkeka, akairudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwanawe aliwahi kuuliza kama inaweza kutiwa kwenye fremu. Kinue alifunga droo.

Picha ya mama yake hakuwa nayo. Mpiga picha alipanda Orikura mara moja tu, majira ya kuchipua, akawapanga watu wote mbele ya hekalu. Tsune alisema hajamaliza kusuuza. Picha ile ninyi wenyewe mmeiona, inaning'inia pale mlangoni mwa ukumbi. Mstari wa pili, kati ya mke wa mhunzi na yule bibi mwenye kijiti mdomoni, kuna pengo. Walimwachia nafasi, na hakuja.

Basi Kinue alikuwa na mama wa kichwani tu, na kichwa nacho kinazeeka. Ule uso ukaanza kumtoroka. Kwanza ulikwenda mdomo, kisha macho. Akijaribu kuukamata, alijikuta anamwona mke wa mwanawe, au hata mtangazaji wa televisheni. Kilichobaki kizima kilikuwa mgongo: mama ameinama kwenye theluji, kitambaa kichwani, shingo imetokeza kidogo kati ya kitambaa na kola. Wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Kinue alibebwa sana. Lakini alihofu kwamba kisogo nacho kitamtoroka, na siku hiyo atakuwa hana mama kabisa.

Haya hakuniambia siku ya kwanza. Siku ya kwanza alisema neno moja tu. Aliletwa ukumbini na mkwewe, Yoriko, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa shamba na kukaa ndani kulikuwa kunamfanya mkali. Yoriko alisema mbele yetu sote, kwa adabu nyingi, kwamba mama anapenda sana kazi za mikono. Kinue akasema hapendi. Wakainamiana kwa kuagana, Yoriko akaondoka mbio.

Tulikuwa tunajifunza chigiri-e, picha za karatasi inayochanwa kwa mkono. Mkasi hauingii mezani. Una karatasi laini za rangi, una ubao mnene wa kubandikia, una uji wa wanga na brashi mbili, moja ya gundi na moja ya maji. Unachovya brashi ya maji, unachora mstari unapotaka karatasi iachane, unasubiri maji yanywewe, halafu unavuta taratibu huku na huku. Karatasi haikatiki, inaachana. Nyuzi zake zinatoka pembeni kama nywele za mtoto mchanga, na ukibandika kipande juu ya kipande, zile nyuzi zinaingiana, mlima unayeyukia kwenye ukungu, petali inakuwa na uhai. Mwalimu wetu, Bi Urano, alikuwa mwanamke mpole aliyeolewa huku kutoka mjini. Alituonyesha kwa kuchana jani moja, na sote tukapumua.

Kinue alichovya brashi, akachora mstari, akasubiri. Akashika karatasi huku na huku. Mikono ikakataa.

Msidhani natia chumvi. Nilikuwa ubavuni kwake. Vidole vilishika, mishipa ikatokeza, na hakuna kilichoendelea. Mwisho aliikunja karatasi, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, akaikata ikawa imenyooka kama ukingo wa meza. Mlima wake ulikuwa na pembe nne. Kayo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akanyoosha shingo kutoka ng'ambo ya meza.

"Bi Kinue, huo ni mlima au ni kipande cha tofu?" alisema. "Maana mimi nauona unahitaji mchuzi wa soya."

Tukacheka, hata mwalimu alificha mdomo. Kinue alibandika mlima wake wa tofu mpaka ukakauka, akaweka jina lake chini, akaenda nyumbani. Jumanne iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Ndivyo alivyo huyo. Ukimcheka, umempa nauli.

Majira yote ya mapukutiko alibandika tofu. Maboga ya tofu, korongo wa tofu. Mwalimu alijaribu kila njia. Alimshika mikono, akamwambia, "Usiilazimishe, mama. Ilowanishe, isubiri, halafu iache iende yenyewe." Kinue aliitikia, na ukucha ukapita juu ya mkunjo. Polepole, kwa karatasi za dukani zilizotoka mashineni, vidole vilianza kulegea. Akazichana kwa hasira, kama anayeng'oa magugu. Angalau zilichanika.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, ndipo alipomwambia mwalimu anachokitaka. Hataki tena maboga. Anataka kumfanya mama yake, kwenye uwanda, anatandaza maganda. Alisema kwa sauti ya kuomba, na mimi sikuwahi kuisikia sauti hiyo kwake. Mwalimu akafurahi, akamletea karatasi nyeupe za kila aina alizokuwa nazo, akazipanga mezani kama samaki sokoni.

Kinue alizitazama moja moja. Hii ni nyeupe ya hospitali, akasema. Hii ni ya sahani. Hii ni ya mkono wa maiti. Alichana, akabandika, akabandua. Alimweka mama juu ya theluji ya dukani, na mama hakukaa. Alielea tu, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mwalimu alimuuliza kwa upole kama labda nyumbani hana karatasi ya zamani, maana watu wengi wa Orikura wana akiba.

"Sina," alisema Kinue.

Alikuwa nayo, na alijua, na usingizi ulimruka kwa sababu hiyo. Yoriko aliniambia baadaye kwamba mama mkwe alikuwa anafungua kasha asubuhi na kulifunga, anafungua baada ya kula na kulifunga, mpaka Yoriko akadhani kuna panya. Weupe alioutafuta ulikuwa ndani ya droo ile. Akitaka kumwona mama yake, sharti aichane kazi ya mama yake. Na asipoichana, kisogo kitaondoka kama uso ulivyoondoka. Alikuwa kwenye njia panda, na njia zote mbili zilimpeleka kupoteza.

Akaona kwanza atafute rangi ya kitambaa cha kichwa. Hilo lilikuwa jambo dogo, na kwa Masuno lingejulikana. Masuno ni mzee wetu sote, alikuwa jirani wa Tsune kule juu, sasa anakaa nyuma ya duka la mchele. Kinue alimkuta ameingiza miguu chini ya meza fupi yenye kipasha joto, blanketi hadi kifuani, anatafuna figili za chumvi kwa meno matatu aliyobakiwa nayo. Kitambaa kilikuwa cha buluu, Masuno alisema, buluu iliyofuliwa mpaka ikachoka. Kisha akauliza cha nini. Kinue akaeleza habari za picha, na katika kueleza, ulimi ukateleza hadi kwenye karatasi. Akasema anayo moja, ile bora kuliko zote, aliyobakishiwa na mama.

Masuno aliacha kutafuna.

"Karatasi nzuri ya Tsune? Ikabaki nyumbani?" Alicheka mpaka figili ikataka kumpalia. "We mtoto, karatasi nzuri ilikuwa wali. Nani anafungia wali kwenye kasha wakati watoto wana njaa?"

Kinue alisema mama alimwekea yeye.

"Aliweka za kuzibia milango ya karatasi. Mbovu zote zilikaa chini ya nguo, kila nyumba. Yangu pia. Huna habari? Ulikuwa unaishi wapi, mwezini?"

Kinue akasimama, magoti yakalia, akaaga kwa maneno mafupi kupita adabu. Kesho yake alirudi na karatasi ameifunga kwenye kitambaa cha hariri. Hakuja kuuliza, alikuja kushinda. Akaifungua juu ya meza na kukaa wima kama hakimu.

Masuno alipangusa vidole, akaichukua kwa ncha, akaigeukia dirisha. Nje theluji ilikuwa imepanda hadi nusu ya kioo na mwanga ulipita ndani ya karatasi kama kwenye maji. Hakutafuta sana. Macho yake hayasomi tena gazeti, lakini kazi ile iko kwenye damu.

"Hapa," alisema. "Karibu na pembe. Tazama mwenyewe, usije ukasema nimekutukania mama."

Kinue akasogea. Ndani ya karatasi, si juu yake, bali ndani, kati ya nyuzi, palilala unywele. Mmoja, mweusi, umejipinda kama mtu aliyelala kwa ubavu.

Miaka yote ile aliinama mbele ya karatasi hiyo na hakuwahi kuiinua kwenye mwanga. Nani anaikagua karatasi ya Tsune?

Masuno alieleza bila ukali sasa. Unywele uliponyoka kutoka kwenye kitambaa cha Tsune, ukaanguka kwenye tangi la maganda yaliyopondwa, ukachotwa na kichungio. Tsune mwenyewe ndiye aliyeitoa karatasi hiyo kwenye rundo kabla mnunuzi hajafika. Akaitia chini ya nguo, pamoja na mbovu zake zingine chache, zikisubiri Desemba. Maana Desemba ndipo milango ya karatasi ilipotengenezwa kwa ajili ya mwaka mpya, na watoto walikuwa wameshaitoboa yote. "Na mtoboaji mkuu alikuwa wewe," akasema Masuno. "Unalowesha kidole kwa mate, tobo. Unachungulia. Mama yako hakuwa na pesa ya kubadilisha mlango mzima, basi alichana zile mbovu, akafanya maua ya petali tano, akaziba. Mlango wenu ulikuwa bustani. Sisi tuliziba kwa viraka vya mraba. Yeye maua."

"Alichana?" Kinue aliuliza.

"Kwa ulimi. Analamba mstari, anavuta. Alikuwa na haraka, brashi angeitoa wapi? Nawe uko mgongoni unampiga mateke."

Kinue alifunga karatasi yake. Hakushinda na hakushindwa. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia kama gari halipo.

Jumanne ile hakuja, na iliyofuata hakuja. Kayo alisema tofu imegandishwa, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alijutia. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekaa mbele ya mlango wa karatasi wa chumba chake, karatasi ya mashine, haina tundu hata moja. Akaniambia yote haya niliyowaandikia, akitazama mlango. Nilidhani anaumia kwa sababu alikuwa ameabudu karatasi mbovu. Nikamwambia asijali, nani hajawahi kuinamia kitu kisichostahili, wengine tuliolewa nacho. Hakucheka.

Alisema maua anayakumbuka. Aliamka asubuhi, na pale alipotoboa palikuwa na ua, na mwanga wa theluji ulipita kwenye mlango, na pale kwenye ua ulipita polepole zaidi kidogo, kwa kuwa karatasi zilikuwa mbili. Hakuwahi kujiuliza yalitoka wapi. Alidhani ndivyo milango ilivyo. Na sauti ile nayo anaikumbuka, akiwa mgongoni, sikio limebanwa kwenye mfupa wa mama: kitu kinachoachana taratibu, kama pumzi. Alidhani ilikuwa sauti ya mama tu, sauti inayotoka ndani ya mwili wake. Baadaye, maishani mwake mwote, aliisikia kwenye mambo mengine na hakujua kwa nini anaacha kazi asikilize. Kwenye kiwanda cha hariri, nguo ikipasuliwa. Na kwenye darasa letu, kila Jumanne, pande zote za meza.

Kisha akasema jambo ambalo mimi sitalisahau. Alisema, "Nywele zake zilikuwa nyeusi. Mimi nimemzeesha kichwani mwangu. Nimekuwa namtafuta bibi kizee, na yule alikuwa mdogo kwangu, msichana."

Jumanne iliyofuata aliingia tukiwa tumeshaanza, theluji mabegani, kile kitambaa cha hariri kifuani. Akakaa mahali pake. Ubao wake ulikuwa ule ule: mlima nyuma, mbingu ya kijivu, mwanamke aliyeinama kwa vipande vya buluu na hudhurungi, na chini yake pengo tupu. Akaifungua karatasi. Nimewaambia kuhusu weupe ule na sitarudia. Ila karatasi zetu za dukani zilionekana kama meno ya bandia.

Mwalimu alielewa papo hapo. Akasogeza bakuli la maji safi na brashi yake mwenyewe, ile nyembamba ya manyoya laini ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Kinue aliisukuma kando. Akainua karatasi ya mama yake hadi mdomoni, akatoa ulimi, akalamba mstari mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, polepole, kama mtoto anayelamba bakuli. Bi Urano alifumbata mikono. Kayo aliinuka kitini ili aone vizuri.

Akasubiri mate yanywewe. Akashika huku na huku. Nilitazama mikono yake, nikiogopa itakataa kama siku ile ya kwanza. Haikukataa. Ilivuta bila haraka, na ikaachana, na tukaisikia wote. Nyuzi zilitoka ndefu, ndefu kuliko zozote tulizowahi kuziona, zikatetemeka kwa pumzi zetu.

Alibandika theluji kuanzia chini, kipande juu ya kipande, ukingo wenye nyuzi ukielekea juu, na uwanda ukainuka chini ya miguu ya yule mwanamke mpaka akasimama juu ya kitu. Hatimaye alikuwa mzito. Kilipobaki kipande chenye unywele, alikilamba kwa mviringo, akakizungushia ulimi mara mbili ili asiukaribie, akakichana kikawa kidogo kama ukucha. Akakiweka pale kati ya kitambaa na kola. Shingo.

Mwalimu alikuwa nyuma yake. Ana macho mazuri, na ni kazi yake kusafisha kazi zetu kabla hazijakauka. Sote tumezoea kibanio chake kikipita juu ya bega kutoa vumbi au uzi, nasi tunashukuru. Akainama na kibanio.

"Kuna unywele umeingia hapa, Bi Kinue. Ngoja niutoe kabla gundi haijashika."

Kinue alifunika shingo ile kwa kiganja, hakugeuka. "Usimguse," alisema. "Huyo ni mama."

Kibanio kikabaki hewani. Kisha mwalimu akakirudisha kwenye kisanduku, akakaa kwenye kiti cha karibu, akamtengenezea chai, akamsogezea. Hakuuliza tena, na huo ni uungwana ambao mimi sikuutarajia kwa mtu wa mjini.

Kazi ilikauka. Sisi tulikusanya brashi zetu, tukafuta meza. Yeye alikaa anaitazama. Nilijua anasubiri nini, maana nami nilijikuta nasubiri. Kisogo kilikuwa pale, na unywele mmoja umeponyoka chini ya kitambaa, na ungeapa kwamba sasa hivi atasikia mtu nyuma yake, ataunyoosha mgongo, atageuka aseme anaendelea kusuuza, mrudi baadaye. Theluji ilianguka nje. Hakugeuka. Kinue aliutazama mgongo ule mpaka Yoriko alipokuja kumchukua na mwavuli, na hata mlangoni alirudi tena akatazama.

Hiyo ndiyo picha mnayoiuliza. Uso hana kwa sababu uso haukupatikana, na hautapatikana. Karatasi ile imekwisha. Kilichobaki ni kipande cha kutosha ua moja la mlango, na hicho yuko nacho, msimuulize.

Sasa neno langu. Kinue anasema mama hawezi kutandaza maganda peke yake. Uwanda wa Orikura ulijaa wanawake, na huyu amesimama katikati ya weupe kama aliyetengwa. Anataka kuwaweka wengine: mke wa mhunzi, bibi mwenye kijiti, mama zenu na bibi zenu, wale wote. Weupe umekwisha. Na mimi najua nyinyi watu wa Orikura mlioko huku bondeni. Mnazo. Ziko chini ya kimono za harusi, zimefungwa vizuri, mnaziinamia kila mwaka na kuambiana ni bora kuliko zote. Si bora. Ni za kuzibia milango, mama zenu waliwaachia mchane. Basi fungueni makasha. Ziinueni kwenye dirisha, mtazame ndani kuna nani. Halafu Jumanne mzilete ukumbini, mkae, mlambe wenyewe kwa ulimi wenu, maana Kinue ulimi wake mmoja hautoshi uwanda mzima. Na bakuli la gundi kila mtu aje na lake.